Anko, kipara cha baba kinanisubiri?

Shikamoo Anko. Mi ni kijana wa miaka 20, nywele zangu sa hizi zipo zote, tena nyingi, kinyozi huwa analalamika mashine inakwama. Shida yangu ni ya mbele huko. Baba yangu ana kipara, sio kidogo, kile cha kung'aa kabisa, umebaki ukingo tu kuzunguka nyuma ya masikio, na kwenye picha ya harusi alikuwa na miaka 26 na paji lilikuwa limeshapanda mpaka katikati. Babu mzaa baba hivo hivo. Upande wa mama, wajomba wawili wana kipara na mmoja hana, babu mzaa mama alifariki na nywele zake zote. Sasa kuna mtu akaniambia kipara unarithi kwa mama sio kwa baba, nikafurahi wiki nzima, alafu mwingine akaniambia sio kweli nikarudi kule kule.

Anko nikikwambia utacheka, kila asubuhi nahesabu nywele zilizobaki kwenye kitana. Jana zilikuwa 34. Kuna siku zilifika 61 sikutoka hata ndani. Kwenye simu nina picha za paji langu zaidi ya mia nne, usiku nakaa nazilinganisha. Rafiki yangu ana vidonge vya finasteridi anasema kinga ni bora kuliko tiba, nianze sasa kabla hazijaanza kuondoka. Pia nimeona wanauza kipimo cha jeni, unatema mate kwenye kichupa unatuma, wanakwambia kama utapata kipara. Ninunue? Nianze vidonge? Na je mchumba wangu nimwambie mapema ajue anachokwenda kukutana nacho?

Mwenye nywele, kwa sasa

*

Marahaba mpwa wangu. Sicheki. Mimi ninayekujibu nilianza kuona ngozi ya utosi nikiwa na miaka 24, na kabla ya hapo nilikaa kama miaka mitatu nikifanya haya haya unayofanya, tofauti ni kwamba simu zetu hazikuwa na kamera ya maana kwa hiyo nilitumia vioo viwili, kimoja mbele kimoja nyuma, mlango wa bafu nimeufunga kwa ndani, watu wanagonga. Kaka yangu wa damu, baba mmoja mama mmoja, kashapita hamsini na nywele anazo zote. Kwa hiyo habari ya nani anarithi nini mi sikuisoma tu, naiona kila tukikaa meza moja.

Tuanze na hesabu yako ya asubuhi maana hiyo ndo inakuumiza bure. Kichwani mtu ana nywele kama laki moja. Kila unywele una zamu yake, unakua miaka 2 mpaka 6, unasimama wiki chache, unapumzika kama miezi mitatu, alafu unadondoka na mwingine unasukuma pale pale. Hesabu hiyo ukiipiga utaona lazima kila siku kuna nywele 50 mpaka 100 ambazo muda wake umeisha, iwe ukoo wenu una kipara iwe hauna. 34 zako zimo humo na 61 zako zimo humo. Na ukikaa siku tatu hujachana, siku ya nne zinatoka za siku zote nne kwa mkupuo unaona dunia imeisha. Lakini kibaya zaidi ni kwamba hiyo hesabu hata haipimi kitu unachokiogopa. Kipara cha kurithi kwa kawaida hakijitangazi kwa nywele nyingi kwenye kitana. Kinakuja kwa unywele kudondoka kama kawaida na badala yake ukarudi mwembamba kidogo kuliko ule wa kwanza, na unaofuata mwembamba zaidi, kimya kimya, miaka.

Inavyokwenda ni hivi. Testosteroni, ile homoni ya kiume, mwilini kuna kimeng'enya kinaigeuza kuwa homoni nyingine kali zaidi, dihaidrotestosteroni, wenyewe wanaifupisha DHT. Hii DHT ina vituko. Kidevuni inaotesha, kifuani inaotesha, ikipanda kwenye paji na utosini kwa mtu ambaye vinyweleo vyake vimezaliwa vikiisikia sana, inavisinyaza. Kila duru kinyweleo kinakuwa kidogo zaidi, ule muda wa kukua wa miaka unafupika unakuwa wa miezi, na unywele uliokuwa mnene mweusi unarudi kuwa kama malaika wa mkononi, mpaka hauonekani tena. Vinyweleo vya kisogoni na juu ya masikio havijali, ndo maana baba yako kabaki na ule ukingo. Na sio kwamba sisi wenye vipara tuna homoni nyingi kuliko wanaume wengine, hiyo ni stori tunaipenda wenyewe (mi nimeitumia sana enzi zangu), lakini kwenye damu viwango vyetu ni vya kawaida kabisa, kilicho tofauti ni masikio ya vinyweleo.

Watu wameligundua hili zamani. Hippocrates, tabibu wa Kigiriki, aliona matowashi hawapati kipara. Mwaka 1942 mwanaanatomia wa Marekani, James Hamilton, akaandika kitu ambacho mpaka leo mi naona ndo moyo wa habari yote. Aliangalia wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe, hawakuwa na kipara. Alipowapa testosteroni, wale wa koo zenye vipara wakaanza kupoteza nywele, wale wa koo zisizo navyo hawakupoteza kwa namna hiyo. Yaani homoni peke yake haitoshi na urithi peke yake hautoshi, mpaka vikutane. Alipositisha dawa, kipara kikasimama hapo hapo kilipofika, lakini nywele zilizokwenda hazikurudi. Hiyo sentensi ya mwisho ikumbuke, tutairudia tukifika kwenye vidonge.

Sasa mama au baba? Aliyekwambia kwa mama hakudanganya, alikupa kipande. Jeni moja yenye nguvu kuliko zote kwenye hii habari ni ile inayotengeneza kipokezi cha homoni ya kiume, yale masikio ya vinyweleo niliyosema, na hiyo imekaa kwenye kromosomu X. Mwanaume X yake anapewa na mama, baba anampa Y. Hapo ndo watu wakachukua wakasema mwangalie babu mzaa mama basi umemaliza. Ila mama yako ana X mbili, moja ya baba yake na moja ya mama yake, na kwa hiyo jeni wewe ulipewa mojawapo, ni kama alirusha sarafu. Wajomba zako pia walirushiwa sarafu hiyo hiyo na bibi yako, ndo maana wawili wana kipara na mmoja hana, wala babu yako na nywele zake hapo hahusiki kabisa kwa sababu yeye watoto wake wa kiume aliwapa Y. Alafu ukitoka kwenye X kuna kromosomu nyingine zote, na utafiti mmoja wa Uingereza uliotoka 2018, wa wanaume kama laki mbili, ulikuta zaidi ya sehemu 600 kwenye jeni zinazochangia, na nyingi ya hizo zinakuja kutoka kwa baba na mama sawa sawa. Ndo maana ukiangalia watoto wa kiume na baba zao, wanafanana vipara mara nyingi kuliko ile stori ya mama inavyoruhusu.

Kwa hiyo uwezekano wako uko juu, sitakuficha. Baba mapema, babu mzaa baba, wajomba wawili, ningekuwa mtu wa kubeti ningeweka upande wa kipara. Ila mimi na kaka yangu tulikuwa na orodha hiyo hiyo ya ndugu. Na hata ukipata, hamna anayejua kama kitaanza na miaka 23 au 48, kama kitakula kona za mbele tu kikae hapo miaka thelathini, au kitakimbia kama cha baba. Ukoo haukupi tarehe.

Na kipimo cha mate hivo hivo hakikupi tarehe. Usinunue. Kwanza vipimo hivi vinakupa uwezekano kwa asilimia, vinaweza kutenganisha kundi la watu na kundi lingine, ila mtu mmoja mmoja vinakosea sana. Pili data nyingi zilizovijenga zilichukuliwa kwa wanaume wa asili ya Ulaya, ambao karibu nusu yao wana kipara cha kiasi fulani wakifika miaka 50, wakati kwa watu wa asili ya Afrika na Asia inatokea kwa wachache zaidi. Tatu, na hii ndo inayoniuma kwa niaba ya hela yako, jibu lolote litakalokuja halibadilishi utakachofanya. Wakikwambia asilimia 80 utaangalia kichwa. Wakikwambia asilimia 20 si bado utaangalia kichwa?

Basi kiangalie vizuri. Hizo picha mia nne zifute, nyingi umepiga usiku chini ya taa, nywele zimelowa, kichwa umekiinamisha kila siku kivyake, picha mbili za namna hiyo hata kichwa kile kile kinaonekana vya watu wawili. Piga picha nne leo: mbele, kona ya kulia, kona ya kushoto, utosi. Mchana, dirishani, nywele kavu, urefu ule ule unaonyoa siku zote. Alafu weka kikumbusho cha miezi sita na usipige nyingine katikati. Nywele inakua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa wiki mbili hamna kitu kinachoweza kutokea ambacho kamera ya simu itakiona, kitakachobadilika ni roho yako tu.

Na kuna kitu kimoja vijana wengi kinawatisha bila sababu, labda na wewe kitakukuta mwaka huu au ujao. Mstari wa nywele wa mtoto umenyooka na umekaa chini. Mwanaume akitoka ujana kuingia utu uzima mstari huo kwa wengi unapanda kidogo na kona zinaingia ndani kidogo, alafu unatulia. Simama mbele ya kioo inua nyusi, angalia kunjo la juu kabisa la paji. Mstari wa kitoto unakaa hapo hapo kwenye kunjo, wa kiutu uzima unakaa kama upana wa kidole juu yake. Hicho sio kipara. Kipara ni ukiona kona zinaendelea kupanda zaidi ya hapo, au utosini mwanga unapita, au ukishika nywele za mbele na za kisogo unaona za mbele ni nyembamba na fupi zisizotaka kurefuka. Madaktari wana ngazi yao ya kupimia, ya Hamilton aliyoiboresha O'Tar Norwood mwaka 1975, ina hatua 7, na hicho ulicho nacho wewe kwa maelezo yako hakijafika hata ya pili. Daktari wa ngozi ana kilenzi cha kukuza, anaona nene na nyembamba zilivyochanganyika kabla macho yako hayajaona, dakika kumi tu umemaliza. Nenda mara moja akuangalie upate mahali pa kuanzia. Ila nywele zikitoka kwa mabaka ya duara, au ngozi inawasha ina magamba, au zinatoka ovyo kichwa kizima miezi miwili mitatu baada ya homa kali au operesheni au kukonda ghafla, hizo ni habari nyingine na tiba zake ni nyingine, usikae nyumbani ukilaumu ukoo.

Haya, vidonge. Rafiki yako ana methali nzuri kaiweka mahali pabaya.

Finasteridi inazuia kile kimeng'enya kinachotengeneza DHT. Asili yake ni kisa cha ajabu kidogo, mwaka 1974 watafiti waliandika kuhusu familia huko Jamhuri ya Dominika ambazo wanaume wake wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho, wakikua tezi dume zao zinabaki ndogo na vipara hawapati. Wenye viwanda vya dawa wakafikiri, je tukiiga? Ikaruhusiwa Marekani kwa ajili ya tezi dume mwaka 1992, miligramu 5, alafu 1997 kwa nywele, miligramu 1. Na inafanya kazi, sitakudanganya ili kukutisha. Kwenye majaribio ya miaka 5 kama wanaume tisa kwa kumi walioimeza hawakuonekana kupoteza zaidi ya pale walipoanzia. Umeona lakini nilichosema? Pale walipoanzia. Kazi yake kubwa ni kulinda unywele ambao umeanza kusinyaa, inarudisha kwa baadhi lakini kwa kiasi, na ukiacha kumeza, ndani ya mwaka hivi faida yote inaondoka. Sasa wewe unataka kulinda kitu ambacho hakijaguswa, na labda hakitaguswa mpaka ufike 40, maana yake unajiandikia miaka ishirini ya kidonge cha kila siku bila hata kuweza kujua kama kinafanya kazi au ulikuwa huna kipara tangu mwanzo.

Na kina bei yake mwilini. Kwenye majaribio ya mwaka mmoja wanaume chini ya 4 kwa 100 walipata matatizo ya kitandani, hamu kushuka au jogoo kugoma, dhidi ya kama 2 kwa 100 waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa. Ni wachache, na wengi wakiacha inaisha, ila wapo waliosema haikuisha. Na mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilithibitisha kwamba mawazo ya kutaka kujiua ni mojawapo ya madhara yake, wakasema mtu akiona hali yake ya moyo inabadilika aache na amuone daktari. Sasa nimesoma barua yako mara tatu mpwa wangu. Mtu ambaye nywele 61 zimemfungia ndani siku nzima sio mtu wa kupewa hiki kidonge na rafiki mfukoni. Kama siku moja utakitumia, kitumie kwa daktari ambaye umemweleza na hayo ya kukaa ndani. Na jua mambo madogo madogo: wakati unatumia usichangie damu mpaka upite kama mwezi tangu uache, na kidonge kilichovunjika mwanamke mjamzito asikishike, kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni.

Minoksidili ni ndugu mwingine, yenyewe ilianza kama dawa ya presha, wagonjwa wakaota nywele mpaka mahali wasipozitaka, mtu akapata akili, mwaka 1988 ikaruhusiwa Marekani kama losheni ya kichwani. Hiyo nayo ya kila siku, matokeo unasubiri miezi minne mpaka sita, na wiki za mwanzo nywele zinadondoka zaidi kabla hazijatulia, wengi hapo ndo wanaitupa. Kupandikiza nywele sahau kabisa kwa umri wako hata kama kipara kingekuwa kimeanza. Wanachukua za kisogo wanapanda mbele, zile za kisogo zinabaki na tabia yao ya kisogo hazisinyai, sawa, ila zilizo nyuma yake zinaendelea kuondoka, na mtu aliyepanda na miaka 22 anaweza kufika 35 ana kisiwa cha nywele mbele na bahari nyuma yake. Na kisogo sio benki isiyoisha.

Kwa hiyo methali ya rafiki yako mi ningeigeuza hivi: usianze kabla ya dalili, ila dalili ikija usikae miaka mitatu na vioo viwili kama mimi. Kumbuka wale watu wa Hamilton, kilichokwenda hakirudi. Mwenye kutaka dawa akaanza mapema kwenye dalili anabaki na nyingi, aliyejificha kwenye kofia mpaka paji limefika utosini anakuja kuomba muujiza. Mimi nilikuwa wa kofia. (Na hapana, kofia haileti kipara, wala kuosha kila siku, wala kunyoa hakufanyi nywele zirudi nene. Niliambiwa yote hayo, na shangazi zangu.) Picha zako za miezi sita ndo zitakuambia, na zisipokuambia kitu we endelea kuishi.

Mchumba. Sasa hapa nimecheka kidogo, samahani. Unataka kumkalisha mtu chini umwambie miaka ijayo huenda nikawa na kipara, wakati kashamuona baba yako? Kashakuona wewe, kashamuona mzee, hesabu kapiga kitambo. Unachoweza kumwambia ambacho hakijui ni zile picha mia nne na ile siku uliyojifungia. Hiyo mwambie, maana hiyo ndo anaishi nayo sasa hivi bila kujua, anaona tu mtu hataki kupigwa picha na upepo, hataki kukaa chini ya taa, anaghairi safari dakika ya mwisho. Mi mwenzangu aliniambia baadae kwamba kwa miaka ile alidhani nina mwanamke mwingine, kwa jinsi nilivyokuwa nakaa bafuni.

Kama ukifuta picha na kuacha kuhesabu, na bado baada ya mwezi mmoja kioo kinakuita mara ishirini kwa siku, tafuta mshauri wa saikolojia uongee nae. Hapo nywele sio tena tatizo, na kuna watu wenye nywele kama msitu wanateseka hivo hivo.

Mimi nilinyoa zote nikiwa na miaka 28. Kinyozi wangu alikuwa ameshauliza kama mara tano "tushushe zote?" nikawa nasema bado. Siku hiyo hakuuliza, alibadilisha tu kichwa cha mashine akanitazama kwenye kioo, nikatikisa kichwa. Dakika saba. Nilichokumbuka kuuliza ni jua tu, na nikuachie na hiyo: utosi usio na nywele unaungua, paka losheni ya jua au vaa kofia, mi kipele cha kwanza cha kuungua nilikipata siku ya pili.

*

Anko, mi nainua vyuma jimu, ukoo wetu una kipara. Wenzangu wananiambia nikinywa krieatini, ule unga wa kuongeza nguvu, nywele zitakwisha, ni kweli? Na sindano za misuli je?

Stori ya krieatini imetoka kwenye utafiti mmoja wa mwaka 2009 huko Afrika Kusini, vijana 20 wacheza raga, wiki tatu, DHT yao kwenye damu ilipanda. Nywele zao hakuna aliyezipima, na hakuna aliyesema zimetoka. Watu wakajumlisha wenyewe. Kwa hilo tu mi nisingekunyima. Sindano za misuli hapo tunaongea kitu kingine, zile ni homoni za kiume zenyewe au ndugu zake, na kwa mtu mwenye vinyweleo vya ukoo wako ni kuwasha moto chini ya sufuria iliyokuwa imewekwa tu jikoni. Na nywele ndo hasara ndogo, kuna moyo, ini, na korodani kusinyaa. Achana nazo.

*

Anko, mwanangu wa kiume ana miaka 16, baba yake ana kipara, sisi nyumbani huwa tunamtania "furahia hizo nywele unazikodi tu". Zamani alikuwa anacheka, siku hizi anaondoka mezani. Nimemkuta na mafuta ya nywele ya kila aina na vidonge vya vitamini ya bayotini. Nimnyang'anye?

Dada yangu, vidonge vya bayotini havimsaidii kama hana upungufu wake, na upungufu huo ni nadra. Dozi kubwa zinaweza hata kuvuruga vipimo vya damu, kwa hiyo akienda kupimwa chochote amwambie daktari kwamba anameza. Mafuta hayamdhuru, mwache anukie. Kunyang'anya ataficha. Utani ndo uache, wewe na wote mezani, na baba yake ndo mtu wa kukaa nae, sio kumpa pole, amwambie tu ilikuwaje kwake, ilianza lini, alijisikiaje, nani alimcheka. Kwa miaka 16 kipara kinaweza kuanza ila kwa wengi bado, na nafikiri mwanao hajaona hata unywele mmoja uliopungua, kachoka tu kusikia habari ya kichwa chake kila akikaa kula.

*

Anko, mchumba wangu anapaka minoksidili usiku, paka wetu analala kwenye mto wake. Kuna shida?

Ipo, tena kubwa, na nashukuru umeuliza. Minoksidili kwa paka ni sumu, hata kiasi kidogo cha kulamba kinaweza kumuua kwa kuharibu moyo na mapafu. Paka asilale kwenye huo mto wala asimlambe kichwa wala mikono. Apake mapema ikauke kabisa kabla hajalala, anawe mikono, chupa ikae kabatini, na foronya ifuliwe. Paka akionekana mzito, anahema kwa shida au anatapika, usisubiri asubuhi, mpeleke kwa daktari wa mifugo na uibebe chupa yenyewe aione.